Admin, Nifichie Jina

Jumatatu mitandao yote ilirudisha majina yaliyofichwa, hata ya zamani, kama sheria mpya ilivyotaka. Langu lilitokea juu ya maneno niliyoandika miaka kumi na minne iliyopita kwenye kundi la akina mama: "Admin, nifichie jina. Huyu wa tatu simpendi. Natamani nisingemzaa."

Wa tatu ni Tunu. Siku hiyo alirudi kutoka shule, akaosha vyombo bila kutumwa.

"Mwanangu, nilikuwa naumwa," nikamwambia. "Baadaye nilikupenda."

"Nimesoma yote, mama. Watu mia mbili walikupa pole."

Hayo ya baadaye sikuyaandika popote.

Sasa ananishukuru kwa kila kitu, kama mgeni. Leo nimemmiminia chai.

"Asante, mama," akasema. "Usingejisumbua."