Zoezi la Mahojiano

Siku hiyo, katika zoezi la darasa la mtandaoni, Metrine alipangiwa kuigiza mwanamke aliyepigwa. Uzamili wake wa pamoja, ustawi wa jamii na afya ya umma, aliusomea kwenye simu huku akipiga pasi nguo za kafili wake, mwajiri aliyemdhamini, huko Ruwais, Jeddah. Kamera aliizima, wenzake wasimwone yuko kazini.

"Simu tena? Halas! Imetosha!" Madam wa nyumba hiyo akamnyang'anya pasi, akamkandamiza nayo mkononi.

Metrine akapiga mayowe. Ngozi ikabaki kwenye chuma, ikifuka moshi.

"Safi sana, Metrine!" mhadhiri akasifu kutoka Nairobi. "Mpaka mwili umenisisimka. Haya, mhojaji, endelea."

"Dada," mwanafunzi mwenzake akauliza, "aliyekuumiza yuko karibu nawe sasa?"

Madam akainua pasi tena.

Metrine akawasha kamera.