Nusu Saa

Dawa ya kutibu maji ilifika siku tatu baada ya maziko. Zamaradi, afisa afya pekee wa mji ule, alikuwa ameiomba kwa barua nne. Nyumba ya kwanza aliyoingia ilikuwa ya Mama Hidaya, ambaye binti yake ndiye aliyekufa kwa kipindupindu. Akatia dawa kwenye pipa, akakoroga.

"Tusubiri nusu saa, mama."

"Nusu saa tu, mwanangu?"

"Nusu saa tu."

Wakakaa kibarazani. Zamaradi alitazama saa yake na hakuhisi kitu, hata huzuni. Muda ulipotimia, Mama Hidaya alichota kikombe kimoja, akampa.

"Anza wewe."

Zamaradi akanywa yote. Mama Hidaya akakipokea kikombe, akakijaza tena, akabaki amekishika kwa mikono miwili.