Mtani wa Siku ya Tatu

Kitu cha kwanza alichokiona Mwanamina ni miguu. Pazia la chumba alichokalia eda halikufika chini, na kwenye upenyo ule aliiona miguu miwili ikiingia uani, ina tope jeusi mpaka magotini, wa kushoto ukiburutwa.

Uani wakaanza kucheka.

"Mtani kafika," akasema Bi Siti, somo aliyemfunda unyagoni, aliyekuwa amekaa naye mkekani. "Hata tope la mikokoni kajipaka. Wamatumbi hawa hawana dogo."

Ilikuwa siku ya tatu ya matanga ya mumewe, Haidari, na watani walisubiriwa tangu asubuhi. Ndiyo kazi yao msibani: mmoja hujifanya marehemu, hutembea kama yeye, husema kama yeye, mpaka wafiwa wacheke.

Na Haidari alikuwa mtu wa kuigizwa. Mtaa wa Magengeni, pale Kibiti, ulikuwa na watu wake wenye majina. Kulikuwa na Mwanaharusi, aliyeimba kwenye harusi za barabara nzima, na Hemedy, golikipa aliyechukuliwa na timu ya Dar es Salaam. Haidari aliwapita wote. Serikali iliporuhusu biashara za watu binafsi, yeye ndiye aliyeleta video ya kwanza, watu wakajaa barazani kwake kila jioni. Yeye ndiye aliyeanza kufuata kamba wa delta na kuwapeleka mjini kwenye barafu. Hata kuchechemea kwake vijana walikuiga, wakaona ndiyo mwendo wa mwenye mali.

Huko delta mtumbwi wake ulipinduka. Ilipatikana maiti moja mikokoni, imevaa koti lake. Uso haukutazamika, wakaizika hukohuko. Mpiga kasia wake hakuonekana tena.

Mwanamina aliolewa na Haidari akiwa ametolewa shule darasa la tano. Majirani walisema ana bahati. Hawakujiuliza kwa nini alivaa mikono mirefu hata wakati wa jua kali. Sasa alitaka jambo moja tu: eda iishe, arudi Umwe kwa mama yake. Lakini hata hilo alikuwa hathubutu kulifurahia. Usiku na mchana alihisi Haidari yuko nyuma ya ukuta, anasikiliza anavyopumua.

"Nani kafa hapa?" mtani akauliza. Sauti yake ilikuwa imekauka, inakwaruza. "Mimi ndiye Haidari. Hii nyumba yangu."

"Umetoka kaburini, umeaga lakini?" mmoja akamjibu.

"Na kamba wetu umewaacha na nani?"

Jivu likarushwa, likamjaa usoni juu ya tope.

"Jamani, ni mimi. Nitazameni."

Kila alivyoapa, walizidi kucheka. Mzee mmoja alisema tangu azaliwe hajaona mtani anayejua kazi kama huyu.

Miguu ikasogea mpaka kwenye pazia, ikasimama.

"Mwanamina. Nakuomba maji."

Ua mzima ukatega sikio, usikie mjane atajibu nini. Mwanamina hakuwa mtu wa kusema mbele za watu. Hata hodi alikuwa akiipiga kwa sauti ya chini mpaka wenye nyumba wasimsikie.

"Mjibu, mwanangu," Bi Siti akamnong'oneza. "Mtani haachwi hivihivi."

"Huyu si mume wangu," Mwanamina akasema. "Mume wangu haombi."

Kicheko kilicholipuka kilisikika mpaka stendi. Bi Siti alijifuta machozi kwa upindo wa kanga. Vijana wakambeba mtani juujuu, naye anapiga mateke, wakamtupa kwenye lori la nazi lililokuwa likielekea kusini, wakamwambia awasalimie Wamatumbi wenzake.

Kesho yake, baada ya adhuhuri, Mzee Mwinyimvua aliingia uani na wenzake, vumbi jekundu limewajaa. Walikuwa watani, kutoka Umatumbi.

"Mtuwie radhi, tumechelewa kuja kuwatukana," akasema. "Kivuko cha Ndundu kibovu tangu juzi. Jana jioni ndiyo tumevuka kwa mtumbwi, tukalala ng'ambo hii. Halafu asubuhi tukapata maziko. Maskini mmoja kashushwa kwenye lori la nazi, homa imempanda, maji hayapiti kooni. Kafa kabla ya alfajiri. Hana mwenyewe. Tumemwosha tope, tumemzika palepale."

Watu wakamkodolea macho. Mwinyimvua akatazama huku na huku.

"Vipi, watani? Mbona mnanitazama hivyo?"

Mtaa ulijadiliana siku nyingi. Wachache walianza kusema jambo jingine, wakaishia njiani. Mwisho wote wakakubaliana kwamba ulikuwa mzuka wa Haidari, umekuja kusikiliza unavyoliliwa. Hilo lilikuwa rahisi zaidi kusimulia. Hivyo hata leo, mgeni akiuliza watu maarufu wa Magengeni, huyo ndiye anayetajwa kwanza, kabla ya Mwanaharusi, kabla ya Hemedy: mtu aliyehudhuria matanga yake mwenyewe.

Mwanamina alikaa eda. Siku zilipotimia, Bi Siti alimletea nguo mpya, akazikataa, akaendelea kukaa ndani siku chache zaidi. Watu walisema ni mapenzi. Kisha akarudi Umwe, akalima mpunga.

Daraja la Ndundu lilipofunguliwa, alipanda basi, akashuka karibu na mto, akauliza mpaka akaonyeshwa kaburi lisilo na jina. Alikaa pembeni yake mpaka basi la kurudi likaonekana darajani. Akasimama, akakung'uta kanga.

"Nilikujua, Haidari," akasema kwa sauti. "Tangu ulipoingia."