Mzee wa Namba

"Themanini na tano," mzee alisema, macho kayafumba. "Sabini na saba. Sitini na tisa."

Kaka mkubwa akainua simu amrekodi. Shangazi akashika tama. Binti wa mwisho, ambaye nyumbani wanamwita Kitinda, ndiyo kwanza alikuwa anaingia wodini akitoka safari, begi bado begani. Akauliza baba anahesabu nini.

"Hahesabu kitu, mdogo wangu," kaka alisema. "Maneno yamemtoka. Zimebaki namba."

Alikuwa ameanguka bafuni akalazwa, na sasa ndivyo alivyokuwa. Ukimpa maji, namba. Ukimpa pole, namba. Shangazi alieleza kwamba mwanzoni alikuwa anaongea vizuri tu. Ila walipoanza kujadili habari za nyumba yake hapo hapo kitandani, kaka akitaka iuzwe na shangazi akitaka ahamie yeye, ndipo ugonjwa ulipopanda kichwani.

Na sasa daktari alikuwa njiani. Akiandika kwamba akili ya mzee imekwenda, kaka ndiye atakayesaini kwa niaba yake, na nyumba itauzwa mwenyewe akiwa bado anapumua. Kitinda alizaliwa katika nyumba ile. Akaketi, akasimama, akaenda dirishani, akarudi. Kaka akamwambia atulie, sakafu ya hospitali haijamkosea kitu.

Muuguzi alipokuja kubadilisha dripu, Kitinda akamvuta pembeni. Anakula? Anamaliza sahani. Analala? Analala, ila mara nyingine husikika anacheka. Anacheka na nani? Muuguzi akainua mabega. Wazee wa wodi hii wote wana mambo yao, alisema. Hata huyo wa nyuma ya pazia walitaka kumpeleka kitanda kizuri chenye upepo, kagoma, eti hamwachi mwenzake aliyefanya naye kazi ofisi moja.

Kitinda akashukuru, akarudi kitandani, akasimama, akaketi.

Kaka akamsimulia kwamba siku zote hizo hakuwa amekaa bure. Alikuwa amechunguza rekodi zake akagundua kwamba thelathini na mbili inarudi rudi kuliko namba zote. Hapo akili ikamcheza: baba ana kiwanja mahali, kiwanja namba thelathini na mbili, na alikuwa anawaficha. Akaenda kiguu na njia hadi ofisi ya ardhi. Akakuta kiwanja namba thelathini na mbili ni choo cha soko.

"Thelathini na mbili?" Kitinda akauliza.

"Kila baada ya namba chache. Sikiliza mwenyewe."

Hakuwa na haja ya kusikiliza. Alifanya kazi kiwanda cha uchapaji, na kila mara maandishi ya mteja yalipofunguka yakiwa vijisanduku na mikwaruzo, yeye ndiye aliyeitwa ayapasue aone yamemeza nini. Ndani hukuti herufi hata moja. Kompyuta haijui kusoma, maskini, inajua namba tu, kwa hiyo kila herufi imepewa namba yake. A kubwa ni sitini na tano, B sitini na sita, zinafuatana hivyo kwenye foleni hadi Z. Hata ile nafasi tupu kati ya neno na neno ina namba, na hiyo huikuta imezagaa kila mahali kama mchanga kwenye choroko. Ni thelathini na mbili.

Na nani alimfundisha hayo kama si baba, aliyestaafu akiwa fundi wa kompyuta tangu zama zile moja ilipokuwa inajaza chumba kizima?

Akapekua begi, akatoa kalamu. Karatasi hakuna, akafungua kiganja. Wakati huo huo daktari akaingia na faili kwapani. Kaka akafungua mdomo aanze kueleza, Kitinda akamzibia kwa mkono. Akawaomba wote, na daktari naye, wasitoe hata sauti ya kiatu.

Wodi ikatulia. Pazia likapepea kidogo.

"Themanini na saba," mzee alianza. "Sitini na tano. Sabini na saba."

Herufi zikashuka kiganjani moja moja. Baba yumo humo ndani, mzima, anabisha hodi, na watu wanamrekodi kama kasuku. Anataka kusema nini? Kwamba wasiuze? Kwamba amewasamehe? Ikaja thelathini na mbili, likafuata neno jingine fupi, kisha sitini na tatu. Hiyo ni alama ya kuuliza. Mzee akanyamaza, kama anayesubiri jibu.

Machozi yakamlenga Kitinda. Akainua kiganja wakisome wote, daktari, kaka na shangazi, vichwa vikigongana:

WAMEONDOKA WOTE?

Kabla mtu hajavuta pumzi, sauti kavu ya mzee mwingine ikatoka nyuma ya pazia, taratibu, kama ya mtu aliyechungulia kwanza.

"Sitini na sita. Sitini na tano. Sitini na nane. Sabini na tisa."

Shangazi akauliza huyo naye anasemaje.

"Bado," Kitinda akamsomea.