Taarifa Iliyoota

Mafuriko yalipokiharibu Chuo cha Mashimoni, Mfalme Tembo aliwapelekea wanafunzi mahindi ya msaada kwa sharti moja: "Taarifa ya mgao iwekwe wazi, kila apitaye aione."

Mhasibu wa chuo alikuwa Kindi, mwaminifu kupindukia. Kwa kila mwanafunzi aliyepata fungu lake, alitenga punje moja iwe ushahidi katika taarifa yake. Kisha akazifanyia punje hizo kama babu zake walivyokifanyia kila kitu cha thamani: alizifukia vizuri, akasahau wapi.

Mvua ikanyesha tena. Ilipokatika, akaja Korongo, mkaguzi wa mfalme, mama asiyependa mzaha.

"Taarifa iko wapi?"

"Nimeiweka, mama."

"Umeiweka wapi?"

"Mahali pazuri sana," alisema Kindi.

"Uliambiwa uiweke wazi, wewe umeiweka akiba! Msaada mwingine sahau!"

Kindi akatoka mbio kwenda kufukua popote, wanafunzi wote nyuma yake. Nje ya lango wakasimama ghafla. Kando ya njia, mistari ya miche ya mahindi ilikuwa imechomoza.

"Wangu upi?" aliuliza mwanafunzi Fuko, akipapasa majani.

Korongo, aliyewafuata, alihesabu miche, akahesabu wanafunzi. Ikawa sawasawa. Mdomo wake mrefu ukalegea kwa tabasamu.

"Taarifa iliyo wazi kuliko hii sijaiona," alisema, akampa Kindi stakabadhi. "Lakini safari ijayo, mwanangu, usingoje mvua ikusaidie."

"Nimesikia, mama," alijibu Kindi kwa adabu, huku mguu wake wa nyuma ukiifukia stakabadhi.