Viatu Mlangoni

Kwenye kompyuta ya Siwema, kila nukta ilikuwa mtu anayekimbia moto katika ukumbi mpya wa harusi. Lakini kila alipoendesha jaribio hilo la kuwatoa watu, nukta zilifika mlangoni zikasita, zikazunguka palepale kama zinatafuta kitu, mpaka zikabanana na kuzimika.

"Umeziambia zitafute nini?" aliuliza Bi Zuena, mkuu wake.

"Sijaziambia kitu, Bi Zuena. Nimeziambia zitoke tu."

Jumamosi Siwema alialikwa harusi katika ukumbi huohuo. Alivua viatu mlangoni kama wenzake, akaketi kwenye zulia. Katikati ya vigelegele, moshi ukaingia.

"Tokeni jamani!"

Siwema alitangulia kufika mlangoni. Akainama kwenye rundo la viatu. Alikuwa ameshakipata kimoja, anapapasa cha pili, alipohisi mgongoni uzito wa watu.