Bega la Mzee Ridhiwani

Mzee Ridhiwani aliinua bunduki zangu mbili, moja kila mkono, akafumba macho kama anayepima maharage sokoni Kasulu.

Ya kushoto ilikuwa mpya. Mtutu wake ni chuma chembamba kilichozungushiwa nyuzi za kaboni, mnene kwa macho lakini mwepesi mkononi. Niliinunua kwa ajili ya bega lake, ingawa sikumwambia. Mimi ndiye mwindaji, lakini huku porini Kibondo mfuata nyayo ndiye hubeba bunduki mpaka mnyama awe karibu. Miaka kumi na moja ya kunibebea mtutu wa chuma kitupu ilikuwa imemwachia sugu nyeusi begani, ngumu kama kisigino.

"Hii hata mjukuu wangu angeibeba," alisema, kisha akairudisha kwenye gari. "Tunakwenda na nzito."

"Na bega lako, Mzee?"

"Mwanangu, mwaka jana yule mbogo alipotujia, mikono yako ilitetemeka. Niliiona. Mtutu ulitulia kwa uzito wake. Ndiyo maana leo nimekunywa chai."

Mimi nami nilikuwa hai kwa sababu yeye hakukimbia.

Nikaichukua ile nzito mkononi mwake, nikailaza begani kwangu.

"Haifanywi hivyo!" alifoka. "Watu watasemaje?"

"Tangulia, baba."

Akatangulia. Kila baada ya hatua chache mkono wake wa kulia ulipanda begani, ukakuta hakuna kitu.